Mstari wa Mzee Jumanne

"Hongera! Hongera! Umeshinda!"

Hiyo ndiyo sauti ya kwanza niliyoisikia kazini, na mpaka leo nikiifikiria naisikia vilevile, na mkwaruzo wake, na vile vikengele vya mwishoni. Ilikuwa sauti ya mwanamke, laini, ya mtu aliyelala vizuri na kuamka hana deni. Ilitoka kwenye spika ya kompyuta ya dirishani, asubuhi, mimi nikiwa bado nimeshika mkoba sijui niuweke wapi. Mbele ya kompyuta hiyo alikaa mzee mmoja mwenye koti linalonuka moshi. Aligeuka kushoto, akageuka kulia, hakuona mwanamke mwingine ila mimi. Akavua kofia.

"Asante sana, mwanangu," akaniambia.

"Shikamoo," nikajibu, maana sikujua kitu kingine cha kusema.

"Marahaba. Enhe, nimeshinda nini?"

Halima na Pendo, nawaandikia nyinyi mnaobaki na zile kompyuta za chumba cha nyuma. Mliiona sherehe ya kuniaga. Bi Shirin amenipa saa ya ukutani kama wanavyopewa walimu wakimaliza utumishi, na tangu siku ile dukani naitwa mstaafu. Mvi sina hata moja, ila jina limenikaa na mimi nimelikubali. Mstaafu huandika kumbukumbu, basi na mimi naandika. Habari za nani alipandishwa kuwa nani sina, hatukuwa na vyeo pale. Kulikuwa na mwenye duka na kulikuwa na sisi.

Nilifika dukani Mandewa nikiwa nimemaliza kidato cha nne, na matokeo yangu si ya kuwasomea wageni. Nilikuwa na ndoto nyingi. Nilitaka kutangaza redioni, nikataka kuhudumia abiria kwenye ndege, wiki moja nikataka yote mawili kwa pamoja. Bi Shirin hakuniuliza ndoto. Aliniuliza kama naweza kuandika haraka bila kutazama vidole. Nikasema naweza. Nilikuwa sijawahi, lakini nilikuwa na moyo.

Duka lile mnalijua. Mbele ni madaftari, kalamu na bahasha, biashara ambayo ukoo wa Bi Shirin umeifanya hapa Singida tangu enzi za babu yake. Nyuma ni kompyuta, printa inayomeza karatasi mbilimbili, na mashine ya kuvalisha vyeti plastiki, ambayo ikipata moto sana inanuka kama sufuria iliyosahauliwa. Aliyenifundisha kazi ni Dada Salome. Mnamjua kwa simu tu, siku hizi yuko Manyoni na watoto wake. Wakati ule alikuwa na chupa yake ya chai, kiti chake kisichokaliwa na mtu mwingine, na tabia ya kunyamaza kwanza kabla hajajibu swali. Nilidhani ni maringo. Baadaye nikajua anafikiri.

Sasa turudi kwa yule mzee. Anaitwa Mzee Jumanne, wa Mgori, mfugaji wa nyuki. Siku ile alikuja kuchapisha katiba ya kikundi chao cha asali, na wakati Dada Salome yuko mbele anahudumia wanafunzi, tangazo likaruka katikati ya kioo likamwambia ameshinda pikipiki. Mimi nilikuwa na dakika chache tu kazini. Nilisoma maandishi na mimi nikaona ni kweli, mzee ameshinda. Dada Salome alipogeuka, mzee alikuwa ameshaondoka kuwahi gari la Mgori, anatembea kama kijana.

Alirudi siku ya mnada. Safari hii alivaa kanzu, na nyuma yake wanawe wawili, na mmoja wao amebeba kamba mpya ya katani begani. Kamba ya kufungia pikipiki juu ya lori.

Namna Dada Salome alivyomweleza ndiyo somo langu la kwanza la kazi, na sijaona darasa linalofundisha hivyo. Alimpa mzee kile kiti chake. Yeye akakaa kwenye kopo la rangi, chini kidogo ya mzee.

"Yule mama aliyenipa hongera yuko wapi?" mzee akauliza.

"Hayupo, mzee wangu. Ni tangazo. Linamwambia hivyo kila mtu."

"Kila mtu?"

"Kila anayekaa hapo."

Mzee akaitazama kompyuta muda mrefu. Wale wanawe wakaanza kutazama dari. Kisha akasema neno ambalo sijalisahau:

"Mbona alisema kwa adabu?"

Kule kijijini vigelegele vilikuwa vimeshapigwa. Kuanzia wiki ile akaitwa Mzee Hongera. Watoto walimsalimia, "Shikamoo babu," na wakishapita nyuma ya nyumba wanapiga kelele, "Hongeraaa!" Watu wazima walijizuia, lakini kwa shida.

Dada Salome aling'oa waya wa spika siku hiyohiyo, na ndiyo maana mpaka leo kompyuta ya dirishani haina sauti. Mkiulizwa, haijaharibika. Kisha akaweka kizuia matangazo kwenye mashine zote. Bi Shirin alikubali haraka kuliko tulivyotegemea. Habari za mzee zilimhuzunisha, ila kilichomkubalisha ni bando. Alipoambiwa kwamba zile picha zinazorukaruka ndizo zinazokula intaneti yake, alisema, "Ziba! Ziba zote leo!"

Hazikuzibika zote. Na hapa naomba msome taratibu, ndiyo kazi yenyewe. Kizuia matangazo hakina akili. Kinafuata orodha. Kinapokuja kinakuwa na orodha zilizotengenezwa na watu wa mbali, na watu wa mbali wanayajua matangazo ya kwao. Matangazo ya viatu na magari yalipotea. Lakini mganga anayerudisha mume, ajira za uongo za mgodini, vyuo visivyokuwepo, na yule mama wa hongera aliyekuwa anaongea Kiswahili safi kuliko changu, hao walibaki. Nani huko mbali angewajua?

Mzee Jumanne alikuja mara ya tatu, peke yake, bila kanzu. Alisimama mlangoni.

"Hivi nyinyi hamwezi kumziba yule mdomo?"

Dada Salome akanyamaza kama kawaida yake, kisha akafungua mipangilio ya kizuizi, mahali palipoandikwa vichujio vyangu. Pale mtu anaongeza mistari yake mwenyewe. Akamweleza mzee kwamba tunaweza kuandika mstari mmoja, na lile sanduku linaloruka katikati ya kioo halitaonekana tena.

"Kwenye hii kompyuta?"

"Kwenye hii, mzee, na kwenye ule ukurasa uliokuwa umefungua."

"Hapana," mzee akasema. "Nataka asimpate mtu popote. Kompyuta zote, kurasa zote."

Tukaandika hivyo. Kwa kawaida mstari wa kuficha kitu unaanza na jina la tovuti, halafu alama mbili za reli, hizi ##, halafu jina la hicho kitu kama linavyojulikana ndani ya ukurasa. Ukiacha jina la tovuti, mstari unafanya kazi kila mahali. Mzee alitaka kila mahali, na ungemwona uso wake na wewe ungeliacha. Juu ya mstari Dada Salome akaweka alama ya mshangao. Mstari ukianza na alama hiyo kizuizi hakiusomi, ni maelezo ya binadamu tu. Akaandika: Mzee Jumanne, Mgori.

Mzee akavaa miwani, akasogea, akalisoma jina lake herufi kwa herufi kama anayekagua mzinga. Tukaufungua ule ukurasa wa zamani. Ukaja mweupe, kimya. Akangoja. Akangoja tena. Kisha akacheka, mara ya kwanza tangu nimfahamu, akaenda zake bila kuaga.

Basi ule ukawa utaratibu wetu. Aliyeumizwa na tangazo anakaa na sisi, anaonyesha, tunaandika mstari na jina lake juu. Orodha tukaiweka mahali pamoja mtandaoni na kila kompyuta tukaipa anwani ya hapo, ili ukiongeza mara moja wote wapate. Mkumbuke kubonyeza sasisha, vinginevyo mashine nyingine itakaa na orodha ya jana na nyinyi mtabaki kubishana na kibodi. Wala msiongeze orodha ya mtu msiyemjua. Kuna kijana alituletea moja kwenye flashi, anaisifia kama dawa, ikaziba mpaka ukurasa wa barua pepe ya Bi Shirin. Siku hiyo sitaki kuisimulia.

Watu walikuja kwa mambo yao. Mama Anjelina, mwalimu wa kwaya, aliziba wasichana wa kamari waliokuwa wanamtokea akitafuta nota za nyimbo. Fundi mmoja wa baiskeli aliinama akaninong'oneza kwamba dawa ya nguvu za kiume inamfuata kila akifungua habari za mpira.

"Niandikie, dada. Ila jina usiweke."

"Lazima liwe na mwenyewe, kaka."

"Basi andika Fundi."

"Mafundi wako wengi."

"Ndiyo maana nataka Fundi."

Lipo mpaka leo, Fundi tu. Na kulikuwa na kijana aliyekuja kulalamika kwa hasira kwamba tumemzibia mikeka yake ya kamari. Dada Salome akamwambia amtafute Mama Anjelina waelewane. Hakuthubutu.

Kanuni kwamba mstari haufutwi bila mwenyewe kujua haikutungwa kwenye kikao. Ilikuja baada ya dada mmoja aliyetushikia nafasi kwa muda kuamua kusafisha orodha. Aliona mistari mingi, akafuta aliyodhani haina kazi, ukiwemo wa Mama Anjelina. Kesho yake Mama Anjelina kaja na watoto wa kwaya, wamezunguka kioo wanasubiri wimbo wa Pasaka, akatokea msichana wa kamari na nguo zake za kuhesabika. Mama Anjelina aliziba macho ya watoto wawili kwa mikono miwili, na wengine wakaona vizuri. "Niliwaamini!" alisema, na hakuja kwa miezi. Tangu hapo Dada Salome akasema mstari una mwenyewe, ukitaka kuugusa mtafute.

Sasa kisa ambacho hasa kimenikalisha kuandika.

Msimu wa maombi ya vyuo mtauona wenyewe. Vijana wanatoka Ikungi, Ilongero, Nduguti, wana bahasha za vyeti wamezikumbatia kama watoto wachanga. Mwaka ule chuo kimoja cha afya kilibadilisha tovuti yake. Ukimaliza kujaza na kubonyeza tuma, ukurasa ulikuwa unafifia, unakuwa wa kijivu, basi. Hapakuwa na neno. Tuliungoja neno mwanzoni. Halafu mmoja kati ya waombaji akasema ukififia ndiyo umekwenda, mwenzake akaitikia, na sisi tukaitikia. Ikawa lugha ya duka zima. "Umefifia?" "Umefifia." "Haya, nenda salama."

Ester alikuwa mmoja wao, binti wa Nduguti, mwembamba, anacheka na mkono mdomoni. Alituma, ukafifia, akaenda. Siku ya mwisho ya maombi nilimkuta amekaa kwenye ngazi ya duka kabla hatujafungua. Hakuwa anacheka.

"Dada Rehema, jina langu halipo."

"Halipo wapi?"

"Rafiki yangu kaniangalizia kwa simu yake. Imeandikwa haijatumwa." Akaikumbatia bahasha ya vyeti. "Mwaka jana sikuomba, baba alikuwa anaumwa. Baba mdogo kasema nisipopata safari hii hakuna tena. Kuna watu wameshaleta posa. Mama kanipa nauli ya kuja, kaniambia usirudi na maneno."

Moyo wangu mimi ni wa karatasi, mnanijua. Nilitaka kulia naye pale ngazini. Dada Salome akafika, akasikiliza. Kisha akasema, "Ingia. Fungua fomu upya, na wewe Rehema fungua hiyohiyo kwenye simu yako."

Tukajaza pande zote mbili. Ester akabonyeza tuma kwenye kompyuta. Ukafifia. Nikabonyeza kwenye simu. Ukafifia, na katikati ya ule ukijivu likatokea sanduku: Una uhakika? Thibitisha.

Tukatazamana. Kwenye kompyuta, katikati ya ukijivu, palikuwa patupu. Sanduku la chuo lilikuwa limepewa jina lilelile la sanduku la hongera, maana masanduku mengi ya mtandaoni wanayaita vivyo hivyo ndani ya kurasa. Mstari wa Mzee Jumanne ulikuwa unafanya kazi yake kwa uaminifu. Popote.

"Kwenye simu nithibitishe?" nikauliza. Tayari simu ilikuwa inazunguka. Siku ya mwisho ile tovuti ilikuwa nzito, na bando langu ndilo mnalolijua. Likakata.

"Zima kizuizi kwenye ukurasa huu," Dada Salome akasema.

Nikazima. Tovuti ya chuo chenyewe ilikuwa ya gharama ndogo, pembeni imekodishwa kwa matangazo. Yakaingia yote kwa pamoja kama kuku waliofunguliwa, na katikati yao kitufe cha kijani, kikubwa kuliko cha chuo, tena kimekifunika, kimeandikwa TUMA MAOMBI HAPA. Kidole cha Ester kikaenda moja kwa moja.

"Acha!" tukasema wote wawili. Kile kitufe kilikuwa kinapeleka kwa watu wanaochukua namba yako ya simu wakakukamua. Nikawasha kizuizi tena.

"Basi nafuta huu mstari," nikasema. Nilikuwa nimeshafungua orodha. Mshale ulikuwa umesimama mwishoni mwa mstari, na juu yake jina: Mzee Jumanne, Mgori. Nikamwona amevaa miwani. Kidole kikawa kizito.

"Mpigie kwanza," akasema Dada Salome.

Hapatikani. Nikapiga tena. Hapatikani. Huo ulikuwa msimu wa kurina asali, na kule msituni simu ni ya kuangalizia saa tu.

Ester alikuwa anatutazama kama watu wasio na akili. "Mwenyewe ni nani? Si mfute tu, mtamwambia baadaye!"

"Tukifuta, yule mama wa hongera atarudi, na wenye kamba za pikipiki watarudi," Dada Salome akasema, na Ester hakuelewa, ila mimi nilielewa. Dada Salome akanywa chai yake, tulivu, mimi natamani nimnyang'anye kikombe. Kisha akakiweka chini. "Kuna ruhusa. Unaacha mstari wa mzee ulivyo. Chini yake unaandika kwamba kwenye tovuti hii moja, sanduku lipite. Ni mstari uleule, unaanza na jina la tovuti, na katikati ya zile reli mbili unaweka ile alama ya anwani za barua pepe."

Nikaandika. Nikarudi kwenye fomu, nikabonyeza. Patupu.

"Umesasisha?"

Sikuwa nimesasisha. Nikasasisha, na ili ukurasa uipokee orodha mpya ilibidi kuufungua upya, na ulipofunguka fomu yote ilikuwa imefutika. Ester akafunika uso. Dada Salome akavuta bahasha ya vyeti akaanza kusoma namba kwa sauti, mimi naandika, vidole vyangu siviangalii, na mara hii haukuwa uongo wa kuombea kazi. Tulipofika jina la mama mzazi Ester akaondoa mikono usoni akalitaja mwenyewe. Mbele dukani Bi Shirin alikuwa anawaambia wateja wa daftari wanyamaze, bila kujua kwa nini.

Tuma. Ukafifia. Sanduku likaja: Una uhakika?

"Bonyeza wewe," nikamwambia Ester.

Akabonyeza Thibitisha. Duara likazunguka, likazunguka, mpaka Dada Salome mwenyewe akaacha kupumua. Likaja sanduku la pili. Hongera! Maombi yako yamepokelewa.

Hapakuwa na sauti, waya wa spika ulikuwa umeng'olewa miaka ile. Ester akaliangalia lile neno, akainamisha kichwa mbele ya kioo.

"Asante," akasema, kwa adabu zote.

Mimi nikatoka nje kidogo, nikasema naenda kutazama mvua. Ilikuwa kiangazi.

Siku yote iliyobaki ilikuwa ya simu. Kila aliyefifia kwetu tulimpigia. Waliokuja walikuja mbio, wengine walitutajia namba zao kwa simu tukawatumia sisi, na mmoja wa Ikungi alitutukana kwanza ndipo akataja. Mpaka tovuti inafungwa, wa kwetu wote walikuwa wameingia. Ile "ukififia umekwenda" ilikoma siku hiyo, na nyinyi msiifufue. Mkiona kimya msikipe maana yenu. Ngojeni neno.

Mzee Jumanne alikuja wiki iliyofuata na ndoo ndogo ya asali ya kuuza. Dada Salome akasema mimi ndiye nimwambie. Nikampa kiti, nikakaa kwenye lile kopo la rangi. Nikamweleza yote, na jinsi mstari wake ulivyomfungia binti wa watu njia. Uso wake ukakunjamana. Akasema kitu kwa Kinyaturu, chini chini, nami Kinyaturu changu ni cha kuombea maji tu.

"Kwa hiyo nimemdhuru mtoto."

"Hapana, mzee. Ulimziba yule mama. Hukumwona huyu."

"Mstari wangu upo?"

"Upo. Hatukuugusa. Tumeongeza wa ruhusa chini yake."

Akafikiri. "Na hongera ya huyo binti, ilikuwa ya kweli?"

"Ya kweli, mzee."

"Basi ya kweli ipite," akasema. Halafu akataka kuuona huo mstari wa ruhusa. Akavaa miwani. Akaona alama ya mshangao, na mbele yake hakuna kitu. "Huu hauna mwenyewe?"

Nilikuwa nimeandika kwa haraka nikaacha nafasi. Nikamwuliza kama niweke jina lake. Akakataa. Alisema yeye ni wa kuziba. Wa kufungua ni huyo binti, basi aandikwe yeye.

Ester alipokuja kuchapisha barua ya kukubaliwa chuo, nikamwambia. Akaweka mkono mdomoni.

"Usiniandike bado, dada. Nikishindwa chuoni itakuwa nimeandikwa bure. Nikimaliza nitakwambia."

Basi nafasi ikabaki. Miaka imepita nikiiona kila ninapofungua orodha, alama ya mshangao na utupu mbele yake, kama kiti kilichowekewa mgeni. Dada Salome alihamia Manyoni. Kompyuta mbili zilikufa, moja ikafufuka. Watu wakaanza kuomba vyuo kwa simu zao, na wengine wanakuja kwetu tu tuwaongezee anwani ya orodha yetu kwenye simu, nasi tunawaongezea. Mzee Jumanne huuliza kila akija, "Mstari wangu upo?" na jibu ni moja. Mkiulizwa na nyinyi, jibu ndilo hilo. Kijijini siku hizi wanamwita Mzee Mstari, na mwenyewe ameridhika.

Naondoka kwa sababu mzee ameniambia kuna mizinga yake miwili ambayo hana tena magoti ya kuifuata, na nafasi ya mingine ipo. Mama anasema nimechanganyikiwa, mtu wa kompyuta kwenda kwa nyuki. Mimi nimeshaota chupa zangu na karatasi zake za nembo, nimeshaota hata rangi. Mtanichapishia nyinyi, kwa bei ya mstaafu.

Wiki iliyopita Ester alinipigia. Amemaliza, amepangiwa zahanati huko huko kwao Mkalama, na wakati anaongea nilisikia nyuma yake mtoto mchanga analia na mtu anaita, "Nesi!" Akasema, "Ngoja dada, naitwa," akakata. Hakukumbuka kutaja ile habari ya jina. Anaitwa nesi, ana mengi.

Ijumaa, siku yangu ya mwisho, mchana, Halima wewe ulikuwa umekwenda msikitini na Pendo wewe ulikuwa umefuata chakula. Bi Shirin alikuwa mbele anahesabu bahasha. Nilikaa kwenye kompyuta ya dirishani nikafungua orodha. Nikashuka taratibu, nikampita Mama Anjelina, nikampita Fundi, mpaka kwa Mzee Jumanne, Mgori. Chini ya mstari wake, mbele ya ile alama ya mshangao, nikaandika: Nesi Ester, Nduguti.

Nikahifadhi. Nikabonyeza sasisha, nikangoja mpaka kompyuta iseme imepokea.